Msumeno wa kona wa kuvuta: nichukue mtumba wa inchi 12 au mpya wa inchi 10?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Jioni na siku za mapumziko natengeneza samani nyuma ya nyumba: vitanda, rafu za vitabu, fremu za picha, na sasa majirani wameanza kuniagiza fremu za milango. Mpaka leo nakata kwa msumeno wa mkono na msumeno duara mdogo wa umeme. Nimejibana nikaweka akiba ya kununua msumeno wa kona, ule ambao kichwa chake kinavutwa kwenye reli. Kuna jamaa ana wa inchi 12, mtumba kutoka Uingereza, una plagi kubwa ya duara ya njano. Anasema nikate plagi niweke ya kwetu, na bei yake ni nusu ya mpya. Dukani nimeona mpya wa inchi 10 wenye wati 1,800, na mwingine wa inchi 8 na nusu. Banda langu ni futi 10 kwa 12, na umeme nauvuta kutoka ndani kwa ekstensheni ya mita 30. Nichukue upi, na niangalie nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Naanza na ule wa mtumba, maana huyo jamaa huenda akakupigia simu leo jioni. Usikate hiyo plagi. Uingereza, kwenye maeneo ya ujenzi, hutumia umeme wa volti 110 unaotoka kwenye transfoma. Wamefanya hivyo kwa usalama: waya ukichubuka au ukilowa, anayeugusa anapata kama volti 55 tu kati ya waya na ardhi. Vifaa vya umeme huo hupewa plagi ya njano ya duara makusudi, ili mtu asiweze kuvichomeka kwenye soketi ya nyumbani. Ukiweka plagi yetu ya miguu mitatu utakuwa unaulisha msumeno volti 230, mara mbili ya ulichotengenezewa. Mota italia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, cheche zitatoka kwenye kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, utasikia harufu ya vanishi iliyoungua, kisha kimya. Niliunguza mmoja hivyo hivyo nilipokuwa naanza kazi, kwa kuambiwa maneno yale yale na muuzaji, na fedha ile ilikuwa ya mteja aliyelipia kabati. Sitaki yakukute.

Mashine ya volti 110 haijakosa matumizi. Unaweza kuiendesha kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini kwa msumeno wa wati 1,800 utahitaji transfoma ya kVA 3 hivi. Hilo ni sanduku zito la kubeba kwa mikono miwili, na ukijumlisha bei yake ile nusu ya bei imekwisha. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine zinazotoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na Marekani, volti 120. Wauzaji hupenda kusema tatizo ni hezi 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Kwa mota ya kaboni, hezi si hoja kubwa. Hoja ni volti. Geuza mashine, tafuta kibandiko cha mtengenezaji, usome kwa macho yako. Kikisema 220–240, basi mtumba wa Uingereza ni halali yako kama mwingine wowote, na baadhi yake ni imara kuliko mpya wa bei rahisi. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, achana nayo.

Kabla sijaingia kwenye ukubwa, nikuulize jambo ambalo wengi hawajiulizi: unajua msumeno huu haupasui mbao? Unakata kwa upana tu, yaani unafupisha ubao na kuukata pembe. Ukitaka kutoa vipande vya inchi 2 kutoka kwenye ubao wa inchi 8 kwa urefu wake, hiyo ni kazi ya msumeno wa meza, au msumeno duara wako ukiongozwa na ubao ulionyooka. Nimeona watu wamenunua msumeno wa kona wakitumaini umalize kila kitu, kisha wakajaribu kupasua kipande kifupi kwa kukigeuza ubavu. Hapo ndipo vidole vinapotea. Msumeno duara wako usiuuze.

Sasa ukubwa. Namba inayotajwa dukani ni kipenyo cha bledi. Inchi 8 na nusu ni milimita 216, inchi 10 ni milimita 254 au 255, inchi 12 ni milimita 305. Kipenyo ndicho kinachoamua unene unaoweza kukatwa kwa mkupuo mmoja, na reli ndizo zinazoamua upana. Msumeno wa inchi 10 usio na reli hukata upana usiozidi sana sentimita 14 au 15, yaani ubao wa inchi 6 kwa shida. Ukiuwekea reli, bledi ile ile inafika karibu sentimita 30. Kwa hiyo katika upana, msumeno wa inchi 8 na nusu wenye reli haupishani sana na wa inchi 12 wenye reli. Tofauti yao kubwa iko kwenye unene: ule mdogo hukata milimita 60 hadi 70, wa inchi 10 hukata 90 hivi, na mkubwa hupita kidogo 100.

Pima kazi zako kwa namba hizo. Rafu ya vitabu ni ubao wa 1 kwa 10, upana wa milimita 250: yote mitatu inaukata. Kona ya nyuzi 45 ni habari nyingine, kwa sababu bledi inapita kwenye mshazari. Ubao wa inchi 8, milimita 200, ukikatwa nyuzi 45 unadai bledi isafiri milimita 283. Msumeno wenye upana wa 300 unaumudu, ule wa 270 unaishia njiani. Kwa hiyo usisome upana wa nyuzi 90 peke yake. Soma na ule wa 45, umeandikwa kwenye kijitabu kila mara. Fremu ya mlango ya 2 kwa 6 haimshindi yeyote. Kinachoamua kwako ni vitanda. Nguzo ya kitanda ya 3 kwa 3 ina unene wa milimita 75. Wa inchi 8 na nusu utaacha utepe haujakatwa, itabidi ugeuze nguzo na kukata mara ya pili, na mara nyingi ngazi ndogo inabaki pale mikato miwili inapokutana. Wa inchi 10 unaikata kwa pigo moja. Wa inchi 12 utauhitaji siku utakapokata nguzo za 4 kwa 4 kila wiki, kazi ya mapaa ya makuti na vibaraza. Kwa nyumbani unabeba uzito wa bure: mingi ya inchi 12 yenye reli inapita kilo 25, bledi zake ni ghali zaidi, na bledi pana ikiwa nyembamba hutetemeka kwa urahisi zaidi kuliko ndogo.

Basi jibu la swali lako ni inchi 10. Lakini inchi 10 ipi? Hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu wauzaji watakuonyesha wati na taa ya leza, na hakuna atakayekuonyesha kinachofanya samani yako ikae vizuri au ipinde.

Msumeno wa kona kazi yake ni unyoofu. Chukua msumeno uliokosea nusu nyuzi tu. Ukikata kipande cha inchi 2, kosa hilo ni chini ya nusu milimita, gundi italificha na mteja hatalijua. Kosa hilo hilo kwenye ubao wa inchi 10 linakuwa zaidi ya milimita 2. Rafu yako itagusa ubavu wa kabati mbele na kuacha mwanya nyuma. Halafu fikiria fremu ya picha yenye kona nne, mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu nyuzi upande ule ule, ukifika kona ya mwisho una mwanya wa nyuzi 4, na hakuna klampu itakayoufunga bila kuvunja kona nyingine. Sasa ona jambo lenyewe: unanunua reli ili ukate mbao pana, na mbao pana ndizo zinazofichua kila kosa la reli. Kwa hiyo reli mbovu ni hasara maradufu. Ningekushauri uchukue msumeno usio na reli ulio imara kuliko wenye reli zinazocheza.

Nenda dukani na kigunia chako, yaani kipimo cha fundi cha pembe mraba, kile unachokiamini, na rula ya chuma. Omba mashine itolewe kwenye boksi na iwekwe juu ya kaunta, bila kuchomekwa. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.

Kwanza weka rula kwenye ukingo wa nyuma, ule unaoegemeza mbao. Ukingo huo umekatika katikati ili bledi ipite, na pande zake mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Tazama mwanga nyuma ya rula. Fanya hivyo pia kwenye meza na sahani inayozunguka. Halafu fungua reli, vuta kichwa mpaka mwisho, kishushe, shika mpini kwa vidole viwili na ukisukume kushoto na kulia polepole huku ukitazama ncha ya jino. Kila msumeno unanyumbulika kidogo ukiukamia kwa nguvu. Usichokitaka ni kule kugonga, ile hali ya kwenda na kurudi yenye kituo, kama meno yaliyolegea. Kugonga kule ni nafasi ndani ya beringi za reli, na itaongezeka, haitapungua.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na silioni likifanywa. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja. Egemeza kigunia kwenye ukingo wa nyuma, mkono wake mrefu ukija mbele kuelekea kwako, mpaka uguse jino hilo taratibu. Sasa sogeza kichwa kwenye reli, nyuma hadi mbele, bila kuzungusha bledi. Jino lile lile liendelee kugusa kigunia njia nzima. Likiachia mbele au likikwama, ama nyuzi 90 haijawekwa sawa, na hilo linarekebishika kwa bisibisi na dakika kumi, ama kichwa hakisafiri kwa mstari ulionyooka, na hilo halirekebishiki nyumbani. Utatofautisha hivi: kosa likiongezeka kwa kadiri ile ile kila sentimita, ni la kurekebisha. Likiwa linakuja na kuondoka, reli zimepinda.

Ukiruhusiwa kukata, chukua ubao mpana ambao kingo zake mbili ziko sambamba. Ukate katikati. Kiache kipande cha kushoto kilivyo, kigeuze cha kulia tumbo juu ili ukingo wake uliokuwa nyuma uje mbele, kisha vikutanishe tena ncha kwa ncha vikiwa vimeegemea ukingo wa mashine. Mwanya utakaouona ni kosa mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo linaonekana kwa macho. Mwanya ukionekana kutoka juu, nyuzi za kona zimekosea. Ukionekana ukichungulia kutoka mbele, bledi haijasimama wima. Jaribio hili halihitaji hata kigunia, na utalifanya maisha yako yote.

Ukipita hapo, mengine ni mepesi. Vituo vya nyuzi (0, 22.5, 45) vidumbukie kwa uhakika na visisogee ukikaza. Klampu ya kushikilia mbao iwepo. Kinga ya bledi ijifunike yenyewe kichwa kinapopanda, bila kukwama. Ulizia kaboni za akiba kabla hujalipa: mota ya kaboni itazimaliza siku moja, na mashine isiyo na kaboni sokoni ni chuma chakavu kilichochelewa. Kichwa kinacholala pande zote mbili kinafaa anayepiga kornishi na mbao za chini ya ukuta kutwa nzima. Wewe unatosheka na kinacholala upande mmoja. Leza usiilipie hata shilingi: mara nyingi husogea kwa mtikisiko, na ukiiamini baada ya miezi sita inakudanganya. Taa inayotupa kivuli cha bledi juu ya ubao ni bora zaidi, kwa kuwa kivuli hakihitaji kurekebishwa. Wati 1,800 zinatosha mninga na mkongo vizuri. Na wa betri? Ni mzuri kwa fundi anayehama site hadi site. Wewe umeme upo, betri zitakula akiba yako.

Sasa banda lako, ambalo ni dogo kuliko unavyodhani. Reli nyingi hutokeza nyuma kichwa kinaposukumwa, kwa hiyo mashine haiwezi kukaa ukutani. Kutoka ukutani hadi kwenye mpini uliovutwa mbele weka karibu mita moja, bila kujihesabu wewe. Banda la futi 10 lina mita 3. Zipo zilizotatua hili: Bosch GCM 12 GDL ina mkono wa kukunja badala ya reli, na Makita LS1019L na Festool Kapex KS 120 reli zake hazitokezi nyuma. Ni mashine nzuri kweli, lakini bei zake ni za karakana inayolipa mishahara. Wewe sogeza tu meza mbele, na nyuma ya mashine pawe pa kukusanyia vumbi, nitakuja huko.

Kuna hesabu nyingine ya nafasi. Mbao zetu za paini kutoka Sao Hill huja na futi 12, sawa na urefu wa banda lako. Ukitaka kukata katikati, sawa. Ukitaka kupunguza kidogo mwishoni, karibu futi 12 nzima zitakuwa upande mmoja wa bledi. Panga mashine iangaliane na mlango au dirisha kwa mstari wa ubao, ili mbao itokeze nje. Nilifanya kazi miaka miwili katika banda lenye tundu la ukubwa wa tofali moja ukutani kwa ajili hiyo hiyo, na mvua ikinyesha tulilifunga kwa gunia. Pande mbili za mashine jenga mabawa ya plaiwudi yaliyo sawasawa na meza yake, wala si juu kwa milimita moja. Ubao mrefu usioshikiliwa huinama, na unapoinama unabana bledi. Kwenye bawa weka kizuizi cha kufunga na kufungua: ukitaka vipande 12 vya urefu mmoja, vyote vinagonga kizuizi na kukatwa, hakuna kupima tena.

Ekstensheni yako inanipa wasiwasi kuliko msumeno wenyewe. Zile za dukani za waya mwembamba, milimita 0.75 za mraba, zikiwa na urefu wa mita 30 zina ukinzani wa kama omu 1.4, kwenda na kurudi. Msumeno wako ukikata unavuta ampia 8 hivi, unapoteza volti 11 njiani. Unapowaka, kwa sekunde ile ya kwanza unaweza kuvuta mara kadhaa ya hapo, na ndiyo sababu taa za ndani zitafifia na mota itaanza kwa kuzubaa. Waya wa milimita 2.5 unapunguza upotevu huo hadi theluthi moja. Nunua huo, wenye waya wa ardhi, na uufungue wote kwenye gurudumu lake kabla ya kukata: ukibaki umejiviringa unapata joto mpaka mpira unalainika. Bora zaidi ni fundi umeme akuvutie laini ya banda moja kwa moja. Msumeno wenye mwanzo laini, unaopanda kasi taratibu, ni nyongeza inayofaa kulipiwa hasa huko jioni umeme unaposhuka. Uniti zisikutishe, dakika kumi za kukata hasa, mota ikifanya kazi yote, hazifiki theluthi ya uniti.

Kwenye bledi usibane matumizi. Inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ina meno 24 au 40, ya kukatia kenchi. Nunua ya pili ya meno 60 kwa samani, na 80 ukianza kukata fremu za picha na MDF, zile mbao za nyuzi za miti zilizobanwa kwa gundi. Ukiitazama kwa ubavu, jino la bledi ya msumeno wa meza limeinama mbele kama linataka kuuma. La msumeno wa kuvuta liwe limerudi nyuma, nyuzi 5 hasi hivi, ili lisijivutie ubao. Hakikisha tundu la katikati linalingana na mashine, kwani yapo ya milimita 30, 25.4 na 15.88, na kasi iliyoandikwa kwenye bledi iwe juu ya kasi ya mota. Ukibadilisha, chomoa kwanza. Boliti yake kwa kawaida inafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na mazoea, na wengi wameivunja kwa kulazimisha kushoto.

Mbao zetu nazo zina tabia zake. Mninga ni mpole. Mtiki una chembe za silika na unafuta makali haraka hata ukiwa laini mkononi. Mvule ndani yake hukutwa mawe, mawe kweli, ya chokaa iliyoganda ndani ya mti, na jino la kabaidi, ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye bledi, likigonga jiwe linamegeka. Ukiona doa jeupe gumu kwenye mvule, lichokonoe kwa ncha ya patasi kabla ya kukata. Paini nayo inapaka utomvu: bledi ikianza kuchoma ubao na kutoa moshi, usikimbilie kununua nyingine, ivue uisafishe kwanza utomvu, mara nyingi makali bado yapo.

Namna ya kukata nakuomba uishike kuliko yote niliyosema. Ubao mwembamba, mwembamba kwa upana, shusha tu bila reli. Ubao mpana: bledi ikiwa juu, vuta kichwa kuja kwako mpaka mwisho, washa, ngoja ifike kasi, shusha mbele ya ubao, kisha sukuma kwenda nyuma. Vuta, shusha, sukuma. Usikate wakati wa kuvuta. Bledi inazunguka kwa namna ambayo ukivuta inaupanda ubao na kukimbilia kwako. Mwanafunzi wangu mmoja alivuta akiwa ndani ya ubao wa mkongo wa inchi 8. Kichwa cha mashine kilimrukia kifuani na ubao ukapasuka vipande viwili. Mkono wake ulipona kwa sababu ulikuwa mbali, na ulikuwa mbali kwa sababu tulishachora mstari mwekundu kwenye meza, sentimita 15 kila upande wa bledi, usiovukwa na kidole. Uchore na wewe siku ya kwanza. Kipande kifupi kisichofikia mstari kinashikwa na klampu. Glavu usivae. Ukimaliza kukata, achia swichi, ngoja bledi isimame kabisa, ndipo uinue, la sivyo kipande kidogo kitarushwa. Na ubao uliopinda, mgongo wake, ule uliobenuka, uelekee ukingo wa nyuma, tena uguse pale pale unapokata, kwani mwanya pale ndio unaobana bledi.

Vumbi, mwalimu, usilidharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa ya ndani ya pua na mapango ya mifupa yanayoizunguka. Mvule huwawasha wengi ngozi na kifua mapema zaidi ya hapo. Mfuko unaokuja na msumeno hukamata sehemu tu. Nyuma ya mashine jenga boksi la plaiwudi lenye mdomo mpana, uelekee kwenye mkupuo wa vumbi, na chini yake tundu la mashine ya kunyonya. Barakoa iwe ile ya kubana ya FFP2 au N95, si kitambaa. Vaa na vizibo vya masikio, kelele yake inazidi desibeli 85 kwa mbali.

Mwambie yule jamaa asante. Kanunue wa inchi 10, kigunia mkononi, na fedha itakayobaki igawe kati ya bledi ya meno 60 na waya wa milimita 2.5. Ukishaufunga mezani kwa boliti nne, kata ubao wa inchi 10, geuza kipande, kutanisha, halafu niandikie mwanya ni milimita ngapi na uko mbele au nyuma. Kutokana na hapo nitakuambia boliti ipi ya kulegeza.